Kumbe Yale Hayakuwa Magugu!

Leo nina kisa cha aibu cha kukusimulia, na aibu yenyewe ni yangu mimi, si ya jirani.

Ijumaa moja asubuhi, mwezi wa Juni mwaka 2025, nilimpa kijana mmoja wa kufyeka nyasi pesa za kamati ya mtaa wetu. Nilikuwa nimechelewa matatu. Nikamwonyesha uwanja wa watoto kwa kidole, nikamwambia, "Fyeka magugu yote, ukimaliza ufagie." Jioni niliporudi niliukuta uwanja umenyolewa kama kichwa cha kuruti. Nyasi hakuna. Na bustani yetu ya maua ya kienyeji, ambayo ilitutoa jasho misimu miwili ya mvua, nayo hakuna. Ilikuwa imelala kando ya ua katika marundo matatu nadhifu, na nyuki wawili watatu bado walikuwa wakizungukazunguka juu ya maua yaliyoanza kunyauka.

Kijana nilipomwuliza alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini mzee, si ni wewe uliyeniambia nifyeke magugu yote?"

Ningemjibu nini? Hata mimi ninayeandika haya, kama ningepita pale miaka mitatu iliyotangulia, ningeapa kwamba ni magugu.

Kesho yake, Jumamosi, alifika binti mmoja wa hapa mtaani, mwanafunzi wa shule ya kutwa ambaye mwaka huo alikuwa kidato cha tatu. Yeye ndiye aliyekuwa karani wetu. Kila Jumamosi saa nne alikaa nusu saa na kidaftari chake akihesabu ni wadudu wangapi na wa aina gani waliotua kwenye kila mmea. Alisimama pale langoni, akatazama marundo yale, akakifunga kidaftari na kwenda zake. Hakuniamkia. Msomaji, nimewahi kukaripiwa na mhariri, na askari wa trafiki, na hata mama mkwe. Lakini kule kunyamaza kwa mtoto wa shule kulinikosesha usingizi.

Labda unajiuliza ni bustani gani hiyo isiyotofautika na magugu. Nivumilie nianzie mwanzo.

Utakumbuka kwamba tarehe 13 Novemba 2023 serikali iliitangaza kuwa sikukuu maalumu ili Wakenya wapande miti, katika ule mpango wa kufikia miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Sisi nasi hatukuachwa nyuma. Tulinunua miche arubaini kwa wauzaji wa kando ya barabara, ile yenye majani ya kung'aa na bei nafuu, tukaipanda kwa nderemo, tukapiga picha, tukanywa soda na kutawanyika. Januari jua likawaka. Kufikia Machi ilibaki miche sita, na minne kati yake ilikuwa imeguguniwa na mbuzi wa mpita njia. Kusema kweli siku ile tulipanda picha, hatukupanda miti.

Katika mkutano wa kutafuta nani wa kulaumiwa alisimama kijana wa mtaa wetu aliyekuwa akisomea wadudu katika chuo kikuu. Akatuuliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia: "Mnataka kumpandia nani?" Wengine wakacheka. Mwenyekiti akamjibu kwamba tunawapandia watoto wetu, na nani mwingine? Basi kijana akatuomba tumfuate hatua chache hadi kwenye shamba dogo la Nyanya.

Nyanya ni ajuza mmoja ambaye mtaa mzima humwita hivyo, wakubwa kwa wadogo, na kwa bahati hupanda pia nyanya. Kando ya kijito kilicho nyuma ya uwanja ana matuta yake ya sukuma wiki, nyanya na maboga. Kwa misimu kadhaa alikuwa akilalamika kwamba maboga yake yanaharibika yakiwa machanga. Yanatokea makubwa kiasi cha yai la kuku, yanageuka manjano, yanadondoka. Alikuwa ameshabadilisha mbegu na kuongeza samadi, na alikuwa ameanza kumtazama jirani mmoja kwa jicho la shaka.

Kijana yule alichutama akatuonyesha. Boga lina maua ya namna mbili. Ua dume lina kikonyo chembamba, na ndani yake mna unga wa njano unaoitwa chavua. Ua jike lina kiboga kidogo kimekwisha kuumbika chini yake. Maua haya hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, na ua likijifunga ndiyo basi, halifunguki tena. Katika saa hizo chache ni lazima mtu au mdudu aitoe chavua kwenye dume na kuipeleka kwa jike. Isipofika, kile kiboga hunyauka na kuanguka. Hakuna uchawi wala mbegu mbaya. Hakuna mjumbe.

"Na wajumbe wameenda wapi?" Nyanya akauliza.

Kijana akamwuliza kwa adabu, "Nyanya, dawa ya vidukari unanyunyizia saa ngapi?"

Nyanya akajibu kwamba yeye huamka mapema, hunyunyizia saa kumi na mbili unusu kabla jua halijawa kali. Yaani saa ile ile ambapo maua yamefunguka na nyuki wanaingia mezani. Aliposema hivyo akanyamaza mwenyewe, kisha akaketi juu ya ndoo. Tangu siku hiyo vidukari vyake huvimwagia maji ya sabuni, tena jioni. Na alifundishwa njia ya dharura ambayo hata wewe unaweza kuijaribu kesho: chuma ua dume asubuhi, limenye petali zake, ulisugue taratibu katikati ya ua jike. Kazi ya dakika moja. Ila huwezi kuwafanyia hivyo wakulima wote wa Kenya.

Hapo ndipo tulipoelewa lile swali la kumpandia nani. Sisi tunapotaja nyuki humfikiria yule wa mzinga na asali tu. Kumbe duniani kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na wengi wao hawana mzinga, hawana malkia, hawana asali ya kuvunwa. Kila jike hujitafutia chumba chake mwenyewe, kama mpangaji wa jijini. Wengi huchimba kijishimo katika udongo mtupu. Wengine hukaa ndani ya mashina yaliyo wazi kama mirija, na wengine katika kuni kavu. Na kila mmoja ana ufundi wake.

Mtazame yule mkubwa mweusi avumaye kama pikipiki ya bodaboda, ambaye hutoboa mapao ya paa na kututia hasira. Huyo ndiye fundi wa karakara. Ua la karakara limejengwa kwa namna ambayo sehemu za chavua zimening'inia juu kama dari. Mdudu mdogo hupita chini akanywa mbochi, yaani yale maji matamu ya ua, akaondoka bila kugusa kitu. Yule mweusi mkubwa akiingia, mgongo wake hukwaruza dari na kubeba chavua. Tukiwaua wote kwa ajili ya mapao, tusishangae tunda la karakara likipanda bei.

Na nyanya je? Chavua yake imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo kama chupa ya chumvi ya mezani. Upepo huitikisa kidogo. Lakini wapo nyuki ambao hulishika ua, hutikisa misuli ya mbawa bila kuruka, na ule mtetemo huimwaga chavua. Nyuki wa asali, pamoja na sifa zake zote, kazi hii haiwezi. Ukiamka mapema ukasikia mlio mkali mfupi kutoka kwa ua la mnyanya, ujue si mwizi. Ni fundi yuko kazini.

Haya si mambo ya Wazungu peke yao, msomaji. Hapa Kasarani pana kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, alichokianzisha Mkenya mwenzetu Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Naye Dakta Dino Martins, Mkenya mtaalamu wa wadudu, alitoa kitabu cha mwongozo kuhusu wachavushaji wa Afrika Mashariki mwaka 2014. Elimu iko mlangoni petu.

Basi mvua ya masika ya 2024 ilipoanza tukajitolea, safari hii bila kamera. Tulikuwa kumi na wanne, nusu yao wanafunzi. Matuta yetu ya kwanza, yaliyokuwa karibu na kijito, yalisombwa yote na mafuriko ya Aprili na Mei mwaka huo. Nisikueleze mengi, kwani mafuriko yale yalichukua maisha ya watu katika jiji hili, na matuta ya maua si kitu cha kulilia mbele ya waliofiwa. Tukasubiri vuli, tukapanda upya mahali palipoinuka.

Tulipanda nini? Kivumbasi, kile ambacho nyanya zetu walikiweka chumbani kufukuza mbu. Kikitoa maua hujaa nyuki kutoka asubuhi hadi jioni. Mitoo, ambayo Waluhya huiita miro. Kwenye sufuria unaijua, lakini iache michache ichanue maua yake ya njano uone nani atakuja. Mshubiri, na huu tuliupata kwa majirani, hatukwenda kuung'oa porini, nawe usifanye hivyo. Ule mmea mrefu wenye maua ya rangi ya chungwa yaliyojipanga kama mashada ya mviringo juu ya shina, ambao wataalamu huuita leonotisi, na ambao chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, hauachi. Kwenye kona tulichomeka pando nene la muhuti. Na tukaupa nafasi mmea mmoja wenye utomvu mweupe kama maziwa na matunda yaliyofura kama baluni, kwa sababu kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa hutaga mayai yake juu ya mimea ya jamii hiyo. Utomvu huo una sumu, kwa hiyo watoto walionywa wasiuguse na kujipangusa macho.

Hapo wengi walikwama. Kupanda mmea ili uliwe na viwavi! Mama mmoja aliniambia yeye alilipa pesa za dawa kuwaua viwavi wa mlimau wake. Nikamwuliza kama ni wale ambao wakiwa wadogo hufanana na kinyesi cha ndege. Akasema ni hao hao. Basi hao ndio watoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano ambaye binti yake alikuwa amemchora na kumbandika ukutani sebuleni. Walikuwa wakimpenda mama na kuwaua wanawe.

Sitaki udhani kwamba mimea ya kigeni yote ni haramu. Mjakaranda ulitoka Amerika Kusini na mkaratusi ukatoka Australia, na nyuki huitembelea yote miwili. Lakini mkaratusi hauwezi kumlea kiwavi wetu, na yale mawaridi ya mapambo yaliyofumbatana petali juu ya petali hayampi mdudu chochote. Ni kama duka zuri lenye rafu tupu. Tulichokifanya kilikuwa rahisi: ya kienyeji kwanza, na tukaacha kipande cha udongo mtupu bila kukifunika na matandazo, na gogo moja bovu likilala kivulini. Gogo hilo limetuletea kesi tatu za "kwa nini hamwondoi takataka." Wanafunzi walitundika maelezo kwa kalamu ya wino mzito, na mtu akaiba ubao.

Lakini kesi kubwa haikuwa ya gogo. Ilikuwa ya mama mmoja ambaye mwanawe aliwahi kuumwa na nyuki akavimba uso na koo, akakimbizwa hospitalini usiku. Mama huyo alisimama mkutanoni akasema, "Mnawaleta wauaji mahali watoto wanapocheza." Baadhi yetu tulitaka kumjibu kwa elimu yetu mpya. Nashukuru kwamba hatukufanya hivyo, kwa kuwa alikuwa na haki. Nyuki wa asali wa Afrika ni mkali anapolinda mzinga, na wapo watu ambao mwiba mmoja tu huweza kuwaua wasipofikishwa kwa daktari upesi. Tulimweleza kwamba hatutaweka mzinga, na kwamba nyuki wasio na mzinga wa kulinda huuma kwa nadra. Tukaisogeza bustani hadi kona ya mbali na bembea. Tukakubaliana kwamba kundi likitua mtini hakuna kurusha mawe wala kuwasha moto, wanaitwa wenye ujuzi. Mama yule alikubali bustani ibaki. Mwanawe hafiki upande ule wa uwanja, na mamaye hajawahi kuja kupalilia. Simlaumu.

Kuna jambo jingine ambalo hatukulizungumza sana mbele ya watoto. Katika jiji hili uwanja mtupu huitwa ploti. Unalala ukiwa na uwanja wa mpira, unaamka ukiwa na mabati kuuzunguka. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi mwaka 1989 marehemu Profesa Wangari Maathai alivyopinga jumba la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa Uhuru Park, na jinsi alivyopigwa akaumizwa kichwa Januari 1999 alipokwenda kupanda mti Karura. Sisi si mashujaa wa kiasi hicho. Hata hivyo, mwanzoni mwa 2025 walikuja wanaume wawili na futi ya kupimia wasiyetaka kusema wametumwa na nani. Walikuta watoto, mitungi ya maji, na Nyanya aliyewauliza wao ni wana wa nani. Walipima kidogo wakaondoka. Huenda watarudi. Barua zetu kwa wahusika tumezipeleka, na nakala zimegongwa mihuri.

Kwa hiyo unaona, niliposema "fyeka yote" sikufyeka maua tu.

Jumatatu ile nilimtafuta yule kijana wa fyekeo. Nilikusudia kumwomba radhi, maana maneno niliyomtupia Ijumaa jioni hayakuwa mazuri. Nikamchukua hadi kwenye marundo. Akainama akachomoa shina la leonotisi, akang'oa ua moja la chungwa, akalifyonza mwishoni kama mtoto. "Hili tulikuwa tukilinyonya tukichunga mbuzi," akasema. "Sikujua watu wa Nairobi hulipanda." Akanitajia kwa lugha ya kwao mimea minne kati ya ile tuliyokuwa nayo, upi hutibu tumbo na upi mbuzi hukataa. Mimi niliyekwisha kusoma vitabu nilikuwa nikiandika.

Naye ndiye aliyenituliza kwa kuniambia niyatazame mashina yaliyokatwa. Kivumbasi kilikuwa kimeanza kuchipua chini. Leonotisi nayo ikachipua baada ya majuma mawili. Mishubiri alikuwa ameiruka kwa sababu ya miiba. Muhuti ulikatwa ncha tu. Mitoo ilikufa yote, na ule mmea wa kipepeo pia. Ilitubidi tuanze tena kwa mbegu mvua ya vuli iliponyesha. Siku hizi yeye hufyeka uwanja wetu mara moja kwa mwezi, na mimea isiyoguswa ameifunga vitambaa vyekundu kwa mkono wake. Hasubiri maagizo yangu, na anafanya vyema.

Ikiwa unakaa ghorofani na huna hata kipande cha uwanja, tafuta kopo kuukuu la rangi, litoboe chini, utie kivumbasi au uiache dhania yako ichanue badala ya kuikata yote. Weka na kisahani cha maji chenye mawe madogo ili mdudu apate pa kusimama asizame. Wewe mwanafunzi ambaye mwalimu amekutaka ufanye kazi ya kuhudumia jamii, usimwambie mama akanunue manila nyingine. Chukua kidaftari, keti mbele ya mmea mmoja kwa nusu saa, uhesabu. Ukipata mmea usioujua jina, pale Makavazi ya Taifa jijini pana hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa na wataalamu wa kuitambua. Na miche ya miti ya kienyeji hupatikana katika taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kule Muguga.

Nyanya alivuna maboga kumi na moja msimu uliopita. Moja alimpelekea yule jirani aliyekuwa akimshuku, bila kumweleza sababu.

Na yule binti? Alikaa majuma matano bila kuja. Jumamosi ya sita nilimkuta ameketi kwenye jiwe lake, kidaftari magotini, mbele ya chipukizi za kivumbasi zilizokuwa na maua machache tu. Nikamwamkia mimi kwanza, nikamwomba msamaha, nikamwuliza kama kuna kazi ninayoweza kusaidia. Akafikiri kidogo.

"Unaweza kuchota maji, anko," akasema. "Lakini fyekeo usishike."

Akarudi kwenye kuhesabu, kisha akaniomba nisimzibie jua.